Kwaya Isiyoimba

Mume wangu hakumuuza mtu.

Naanza na hilo kwa sababu wengi watakaosoma hapa wamekwisha kusikia kinyume chake. Wamesikia saluni, wamesikia kwenye foleni ya benki, wamesikia hata misibani, ambako watu hunong'ona wakidhani mjane ni kiziwi. Tangu mwaka juzi wanaweza pia kuyasoma kitabuni, kwenye karatasi nzuri, ndani ya jalada gumu. Siku hizi wakiniona hawanong'oni tena. Wanasema kwa sauti, maana wana ukurasa wa kunionyesha.

Basi nisahihishe. Gari jeupe lililokuwa likiegeshwa nje kwetu halikutoka serikalini. Lilikuwa la kaka yangu, na breki zake mbovu ndizo zilizolifanya likae pale muda wote ule. Studio hakujengewa na mtu. Aliachiwa na mzee aliyemfundisha kazi, ambaye hakujaliwa mtoto. Hakupewa kiwanja, hakupewa cheo, na leseni yake ya biashara aliisubiri kwenye benchi kama wenzake. Katika yote yanayosemwa, kweli ni moja tu: alikamatwa pamoja na wale watu wa posta, na alirudi nyumbani kabla yao. Sababu ya kurudi kwake ndiyo habari yenyewe, na ndiyo waliyoipindua.

Mji mzima ulimwita Usipepese. Alikuwa mpiga picha, na hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyeketi mbele yake, awe mtoto wa shule, bibi harusi au askari anayetaka picha ya kitambulisho. "Kidevu chini kidogo. Bega hili mbele. Usipepese." Studio ilikuwa chumba kimoja kirefu baina ya duka la viatu na ofisi ya bima. Mwisho wa chumba lilining'inia pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari. Ngazi zilipanda, zikapinda, zikaishia ukutani. Watu walipenda kusimama chini ya ngazi zile kana kwamba wameteremka sasa hivi kutoka ghorofani kwao. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha giza, chenye taa nyekundu, sinia za dawa, na kamba ambako picha zilibanwa kwa vibanio zikauke kama nguo za watoto. Akitoka humo vidole vyake vilinuka siki. Nilizoea harufu ile hata nikawa siinusi tena, mpaka alipokufa.

Nilimjua nilipohitaji picha ya kupeleka chuo cha ualimu. Alipiga, nikapepesa. Akapiga tena, nikapepesa tena.

"Dada, una haraka ya kwenda wapi?"

"Wenzako tuna mambo ya kufanya."

"Na mimi hapa nimekuja kupunga upepo?"

Nilicheka, na kwenye picha ile, ambayo chuo kiliikubali kwa shingo upande, nimecheka mpaka leo. Baba yangu, aliyekuwa karani mkuu wa mahakama na mtu wa kupiga pasi hata leso, hakumtaka. "Mwanamume anayejifungia gizani mchana kutwa," alisema, "anafanya nini humo?" Mama akamjibu, "Anafanya kazi, baba watoto. Wewe unayeshinda kwenye mwanga hujui hata soksi zako ziko wapi." Tukaoana. Mimi nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu, nikamalizia kwenye ukaguzi wa shule. Yeye akabaki na studio yake. Hakuniona mkubwa kwake, wala mimi sikumwona mdogo kwangu. Wanaodhani mwanamke aliyesoma huolewa na fundi kwa bahati mbaya hawakuwahi kumsikiliza fundi huyu akizungumza.

Lazima nieleze dirisha. Studio ilikuwa na dirisha kubwa la kioo upande wa barabara, na humo alipanga picha alizoziona bora. Watu walisimama kuzitazama wakienda kazini, wakibishana nani kapendeza na nani kazeeka. Lakini alikuwa na sheria yake. Hakuna sura iliyoingia dirishani bila mwenyewe kutamka kwa kinywa chake, "Niweke." Picha ya kundi ilihitaji neno la kiongozi wa kundi. Na mtu akitaka kutolewa, alitolewa papo hapo bila kuulizwa sababu. Namkumbuka mwanamke mmoja aliyeingia kashika kiuno.

"Mtoe huyu mwanamume dirishani."

"Mama, huyo si mumeo?"

"Alikuwa."

"Sasa nikimtoa yeye, na wewe unatoka. Mmekaa kiti kimoja."

"Nitoe! Bora nipotee kuliko nionekane naye."

Akaitoa. Jioni yake mwanamume akaja kulalamika kwamba ametolewa bila kuarifiwa. "Kaka," Usipepese akamwambia, "malalamiko hayo yapeleke nyumbani." Yule bwana akajibu kwa huzuni, "Nyumbani ndiko nilikotolewa kwanza."

Nalieleza hili ili msomaji ajue mume wangu alikuwa mtu wa namna gani kuhusu sura za watu. Aliziona kama amana.

Miaka ile barua zilikuwa zikifunguliwa. Nyuma ya posta palikuwa na chumba kisicho na kibao mlangoni, na ndani yake birika lililochemka kutwa nzima bila mtu kunywa chai. Bahasha zilishikwa juu ya mvuke mpaka gundi ikalegea, zikasomwa, zikabandikwa tena. Kila mtu mjini alijua, na karibu kila mtu alisema lile neno jepesi: kama huna cha kuficha, shida iko wapi? Wafanyakazi watano wa posta waliona shida ipo. Wakaanza kuchomeka vikaratasi katika mafurushi ya barua, kila kimoja na mstari mmoja: "Barua yako imesomwa na mwingine kabla yako."

Ungedhani watu wangeshukuru. Walirudi kaunta wamenuna, wakavitupa vikaratasi vile mbele ya wahudumu. "Mimi nimeandikiwa na mwanangu," mzee mmoja alifoka, "hizi habari za mvuke nimeziomba mimi?" Walichukiwa waliowaambia kuliko waliozifungua barua zao. Sehemu hiyo kitabu kimeieleza vizuri, na sioni aibu kukisifu panapostahili. Wale watano hawakupingana na wakubwa peke yao. Walipingana na majirani zao waliotaka kulala usingizi mzuri. Hilo ni gumu zaidi. Mkubwa unamsalimu mara moja kwa mwaka, jirani unamsalimu kila asubuhi.

Kiongozi wao alikuwa msimamizi wa kupanga barua, mtu wa sauti nzito itokayo tumboni. Walimwita Besi. Kila Alhamisi baada ya kazi walikutana kwenye kantini ya posta, na walipoulizwa wanafanya nini, Besi alijibu kwamba wana kwaya. Jibu lilikubalika, kwa sauti ile nani angebisha? Kilichomponza ni kwamba alianza kulipenda jibu lake mwenyewe. Akaona kwaya ya kweli haikosi picha.

Nilikuwapo walipokuja. Nilikuwa nimepitia pale nikitoka shule, nimeketi kwenye kiti cha wateja nasahihisha mitihani. Waliingia na mashati meupe ya kuazima, mmoja wao mikono imemfunika mpaka vidole.

"Mnaimba sauti ngapi?" mume wangu aliwauliza huku akiwapanga.

"Zote," alisema Besi.

"Kwa pamoja," akadakia mama wa dirisha la stempu, na wote wakacheka.

Besi akanigeukia. "Shemeji, wewe msomi. Hebu tuangalie. Tunafanana na kwaya?"

"Mnafanana na watu wanaosubiri kung'olewa meno."

"Basi fungueni midomo," Usipepese akasema. "Semeni aaa. Mama, macho juu, kama unamwona mtu akikutolea ulimi darini. Besi, usipepese."

Ilitoka picha nzuri kuliko zote alizopiga mwaka ule. Midomo wazi, macho juu, mwanga umewakalia mabegani. Ukiitazama unakaribia kusikia. Besi alikuja kuichukua peke yake, na mimi nilikuwa kwenye kiti kilekile. Ninayoyaandika sasa sikuhadithiwa.

"Iweke dirishani," Besi alisema.

"Hii? Una uhakika?"

"Pale juu, katikati. Na chini yake bandika jina: Kwaya ya Wafanyakazi wa Posta. Watu wakizoea kutuona hawatatuuliza."

Mume wangu alimtazama kidogo. Alijua wao ni akina nani na wanafanya nini. Kikaratasi chao kimoja tulikuwa nacho nyumbani. "Ni neno lako," akajibu, akafungua kioo, akaiweka.

Aliyeiona ni meneja wa posta mwenyewe, alipopita na mkewe. Alisimama, akashika kitambi. "Kumbe nina kwaya! Mbona siambiwi?" Naibu wake alikuwa akistaafu, na sherehe ya kumuaga ilikuwa juma lililofuata. Hapo hapo aliamua kwamba kwaya yake itaimba.

Besi aliingia studio jasho likimtiririka. "Toa ile picha."

Ikatolewa papo hapo. Lakini dirisha linaweza kuondolewa picha. Jicho la meneja nani angeliondolea alichoona? Walijifungia kantini kila jioni wakijifunza wimbo mmoja, ule wa kuagana ambao hata watoto wa darasa la kwanza wanaujua. Mama wa stempu alimwambia mume wangu, "Baba, ningekuwa najua, ningejiunga na kundi la mpira."

Tulikuwapo kwenye sherehe, kwa sababu Usipepese ndiye aliyeitwa kupiga picha. Watano walisimama mbele ya meza ya keki. Mama wa stempu alianzia juu, Besi akaanzia chini, wale watatu wakabaki katikati kama watu waliopotezana sokoni. Ilidhihirika kwamba Besi, na sauti yake yote ile, hawezi kushika tuni hata ukimfungia mkononi kwa kamba. Ubeti wa pili kila mtu alikuwa na maneno yake. Watu walicheka mpaka wakatoa leso. Yule naibu alidhani ni kichekesho alichoandaliwa, akasimama kuwapigia makofi.

Mmoja tu hakucheka, bwana mwembamba wa kile chumba cha birika. Aliweka sahani yake chini, akamsogelea Besi.

"Mnafanya mazoezi kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi, bwana."

"Miezi yote hii?"

"Sauti, bwana... sauti zina siku zake."

"Naona," alisema yule bwana, akarudi kwenye sahani yake.

Hivyo ndivyo walivyojulikana. Hapakuwa na mchongezi. Palikuwa na kwaya isiyoimba, na mtu mmoja mwenye akili ya kujiuliza watu hawa hukutania nini. Siku chache baadaye walichukuliwa wote watano, na mume wangu pamoja nao.

Aliyoyapata kituoni alinisimulia mara moja tu. Walitaka jibu la swali moja: nani aliagiza picha iwekwe dirishani kwa jina lile? Aliyeagiza ndiye aliyebuni hila, na aliyebuni hila ndiye mkubwa wa kundi. Mkubwa wa kundi alikuwa na adhabu yake, isiyofanana na ya wafuasi; watu walikuwa hawarudi kutoka kwenye adhabu ile. Mume wangu akasema, "Mimi mwenyewe. Hakuna aliyeniagiza. Picha ilinipendeza nikaiweka, na jina nimelitunga mimi." Walimpiga makofi, akasema vilevile. Wakampiga tena, akasema vilevile. Mwishowe wakaamini kwamba wamemkamata fundi mpumbavu anayependa kazi yake kupita kiasi. Wakaandika maneno yake, akatia saini, wakamrudisha nyumbani. Sikio lake la kushoto halikusikia tena.

Wale watano walipewa kifungo kinacholingana, kwa kuwa hakuna aliyethibitishwa kuwa mkubwa. Wawili, mmoja wao mama wa stempu, walifia humo kwa maradhi. Besi alitoka hai. Nasema waziwazi: alitoka hai kwa sababu ya maneno manne ya mume wangu, "hakuna aliyeniagiza", na mengine mawili ya kujitukana.

Nimehesabu vibaya, najua. Sijali.

Mji ukaanza kuuliza kwa nini wenzake wamefungwa na yeye yuko nje. Wateja wakahamia studio nyingine, mabibi harusi wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Nilimwambia aseme. Nilimwambia zaidi ya mara moja, maana ni jina langu pia, na la wanangu. Alikuwa akifuta lenzi. "Mke wangu, nikisema nitakuwa nimemtaja. Sikumtaja mbele ya makofi, nimtaje mbele ya porojo?" Besi alipotoka kifungoni alikuja studio mara moja. Alimshika mume wangu mkono, akaushikilia, asiseme kitu. Usipepese akamuuliza kama anahitaji picha ya kitambulisho. Besi akasema ndiyo, akaketi, akapigwa picha, akaenda zake. Nyakati zikabadilika. Chumba cha birika kikafungwa, waliowahi kuvitupa vile vikaratasi wakaanza kusema walivihifadhi, na Besi akawa mtu wa kiti cha mbele kwenye kila hafla. Mume wangu alikufa kwa mapafu, na dirishani mwake zikiwa zimebaki picha za watoto wachanga tu, kwa kuwa mama zao hawakuwa na pengine pa kwenda upande ule wa mji.

Sasa nije kwa mwanangu. Namwita mwanangu, ingawa alizaliwa na marehemu mdogo wangu. Mama yake alipokufa alikuja kwangu na kisanduku cha nguo, akakulia chumba cha nyuma. Nilimfundisha kusoma mimi. Akasoma mpaka akanipita, akawa mtafiti wa historia, na siku moja akaja na kinasa sauti akaniambia anaandika kitabu kuhusu wale watano. "Kuhusu watu waliosema hapana, mama mkubwa, wakati kila mtu anasema ndiyo." Niliona fahari. Nikamfungulia chumba chake cha zamani, nikamwekea meza karibu na dirisha, nikamsimulia yote niliyoyasimulia hapa, na zaidi. Aliomba picha ya kwaya iliyokuwa juu ya kabati letu la vyombo. Hiyo nilimkatalia. Nilimwambia, andika kwanza.

Alikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka, akarudi hana furaha.

"Mama mkubwa, hebu keti kidogo."

Alinionyesha nakala ya maelezo ya polisi. Saini ilikuwa ya mume wangu.

"Amesema mwenyewe. Hakuagizwa na mtu."

"Alikuwa anamkinga Besi."

"Kuna ushahidi?"

"Mimi. Nilikuwa nimeketi pale."

"Wewe ni mkewe."

"Na wewe ni nani kwangu?"

Alitazama chini. "Siwezi kwenda na neno la mjane peke yake, mama mkubwa. Watanicheka. Ningempata mtu wa pili..."

"Mtu wa pili yu hai. Vaa viatu."

Tulimkuta Besi sebuleni kwake, ukuta mzima umejaa ngao na vyeti. Binti yake alituletea chai. Sauti bado ilikuwa ile ile, mwili ndio uliopungua kuizunguka.

"Shemeji! Leo jua limetokea wapi?"

"Lilikotokea jana. Nimekuja na swali moja, nataka ulijibu mbele ya mtoto huyu. Nani alimwambia mume wangu aweke picha dirishani?"

Alikitazama kinasa sauti juu ya meza. "Wewe mtoto, zima hicho kidude." Mwanangu akakizima. Besi akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Ni mimi," alisema. "Picha mimi, na jina mimi. Usipepese alinibebea. Nimelijua hilo kila siku niliyoamka."

"Basi sema kidude kikiwaka."

"Shemeji, watoto wa wale wawili huja kunisalimu kila mwaka. Wananiita baba. Niwaambie kwamba wazazi wao walikufa kwa ajili ya picha niliyoitamani mimi? Watanisalimu tena?"

"Kwani mimi wananisalimu?"

"Mumeo alikuwa mtu mwema. Asingetaka tufike huku."

"Usimsemee. Alipokuwa hai ulinyamaza, sasa kafa ndiyo unajua anachotaka?"

Binti yake aliingia kuuliza kama tunataka chai zaidi, akatuona, akatoka na birika lake.

Njiani mwanangu alinishika mkono kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo tukivuka barabara. "Nimesikia mwenyewe, mama mkubwa," alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Usiwe na wasiwasi." Tulipofika nyumbani nilipanda kiti, nikaitungua picha ya kwaya, nikaipangusa vumbi, nikampa.

Kitabu kilipotoka picha ile ndiyo iliyokuwa jaladani. Jina la kwaya, lile alilolibandika mume wangu kwa agizo, limekatwa. Dibaji imeandikwa na Besi. Nilitafuta sura ya mume wangu, nikaisoma nimesimama jikoni. Inasema kwamba, kwa sababu ambazo huenda hazitajulikana kamwe, mpiga picha aliamua peke yake kuwaanika watano hao hadharani, kwamba aliiondoa picha siku chache kabla ya wao kukamatwa, na kwamba yeye aliachiwa huru. Hakuna neno "msaliti". Mwanangu hawezi kuandika kitu kibaya namna hiyo, nilimlea vizuri. Kila sentensi ina hati yake, na zimepangwa bega kwa bega kama watu wanaopigwa picha, mpaka msomaji analitamka lile neno mwenyewe. Katika shukrani mimi natajwa kwa ukarimu na chai.

Nilimpigia simu.

"Hakukubali kunukuliwa, mama mkubwa. Nilimwomba mara nyingi. Na bila dibaji yake mchapishaji asingekichukua kitabu. Miaka yangu yote ingepotea, na wale watano wasingejulikana."

"Ulisikia au hukusikia?"

"Nilisikia."

Nikakata. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo darasani na kuwataka watunge mfano. Sikuwahi kudhani utatungwa chumba cha nyuma cha nyumba yangu. Besi simlaumu hivyo. Besi aliogopa, na mwoga unamjua tangu mwanzo. Huyu hakuogopa. Alipima, akaona baba mkubwa aliyekufa ni mwepesi kuliko kitabu.

Nasema baba mkubwa kwa kuwa ndivyo alivyomwita. Alimwita hivyo mpaka kaburini, na alilia kuliko wanangu.

Mwezi uliopita alikuja. Kitabu kinachapishwa mara ya pili, na wanataka picha zaidi. Anajua kwamba filamu zote za studio ziko kwangu, kwenye masanduku ya bati: zile za sherehe ya naibu, watano wakiimba, meneja akicheka, mpaka yule bwana wa birika na sahani yake. Hakuna mwingine aliyenazo. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Nimezungumza na mchapishaji," alisema. "Wamekubali kuweka tanbihi."

"Tanbihi inasemaje?"

"Kwamba familia ya mpiga picha ina simulizi tofauti."

"Familia ina simulizi. Na wewe una historia."

"Mama mkubwa, ni bora kuliko hakuna. Watu watajua upo upande wa pili. Ukikataa watasema unaficha kitu humo masandukuni."

"Wewe si wa familia?"

Alinyoosha kitambaa cha kiti kwa kidole.

"Nakuuliza. Simulizi hiyo ya familia, na wewe unaijua kwa masikio yako. Andika: mimi mwandishi nilimsikia Besi akisema. Weka jina lako chini yake. Hata kama yeye atakana. Ukiandika hivyo, chukua masanduku yote, nitakutafutia na mtu wa kukubebea."

Alivuta pumzi ndefu. Niliona kwamba anapima tena, na kwa muda, naapa, nilidhani safari hii nitashinda. Kisha akasema, "Atanishtaki, mama mkubwa. Kesho nitakuwa sina kazi." Akainuka, akanibusu mkono, akauliza kama anaweza walau kuzitazama zile filamu. Nikamwambia hapana. Akauliza kama anaweza kuja siku nyingine tuzungumze. Nikamwambia chumba cha nyuma nimekijaza vyombo vyangu, hakina nafasi.

Wamekwisha kuja wengine baada yake: mwandishi wa gazeti, kijana wa redio, na dada mmoja mpole kutoka chuo kikuu aliyeleta maua. Wote wanataka "upande wangu". Mimi sina upande. Mume wangu aliambiwa aweke picha, akaiweka. Akaulizwa nani kamwambia, akakataa kumtaja, akapoteza sikio, wateja na jina. Aliyemwambia yu hai na ana simu. Aliyemsikia akikiri yu hai na ana kalamu. Waulizeni hao. Filamu sitoi, picha sitoi, mahojiano sitoi, na kwa hili ninalolisema hapa sitaongeza hata neno.